Sura ya Tisa Haisomwi kwa Sauti

Kangemi,
4 Machi 2024

Kwako Ivyne, binti wa marehemu ndugu yangu Maxwell,

Nina miaka themanini na mitatu. Mzungu aliyeniajiri mara ya kwanza amekufa, mimi nipo. Wenye nyumba watatu walionifungia mlango wamekufa, nipo. Tingatinga lililobomoa chumba chetu nililiona kwa macho yangu likiozea kando ya barabara, kuku wanatagia ndani. Mke wangu Milcah ametangulia, na baba yako niliyembeba mgongoni ametangulia. Kwa hivyo usidhani wewe na mashine yako mtanizika.

Salamu. Mimi ni mzima isipokuwa magoti. Wewe najua u mzima, kwa sababu mgonjwa hawezi kupiga kelele kama zile nilizosikia.

Nilikupigia simu ukaniambia kama nina matusi niyaandike. Haya, nimeyaandika. Nilisoma hadi darasa la pili na likanitosha. Barua naiacha kwa Shamsudin, muuza vitabu kule mjini, najua hukosi kupita dukani kwake.

Jumamosi nilikuwa kwa Mutiso, fundi wa viatu hapa sokoni, nangoja anishonee soli. Simu yake ikaanza kusema. "Sikiza, Mzee Were," ananiambia, "kitabu cha ndugu yako siku hizi kinaongea chenyewe." Nikasikiza. Kumbe ni wewe. Unasoma *Tulilala Sita*, kitabu cha baba yako, kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Nikanyamaza kwa adabu. Halafu pakafika pahali pangu, pale mimi nasema. Ivyne, ile ni sauti gani ulinipa? Ni sauti ya mtu aliyemeza kiazi cha moto. Mama mmoja muuza dagaa wale wa omena akaniangalia juu mpaka chini, akaniuliza, "Ati huyo mshamba ndio wewe?" Mimi ambaye nilichimba msingi wa nusu ya nyumba za Spring Valley. Hata hiyo nyumba mnayorekodia ndani yake, uliza ukuta wake kama haunijui.

Hilo la sauti nakusamehe. La pili sikusamehe. Mwisho wa hicho kipande mmeweka kionjo cha sura ya tisa. Ukakoroma. Mtoto wa kike, umefika chuo kikuu, umekaa mbele ya mashine unakoroma, ati unamuiga mama mkwe wangu.

Wewe ni mtoto wa mjini kwa hivyo nakueleza. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawalali chini ya paa moja. Hawali sahani moja. Hata jina lake silitaji, na sitalitaja hapa. Mwaka sabini na moja alikuja kuona mtoto wetu aliyezaliwa, hakututumia habari. Tulikuwa na chumba kimoja hapa Kangemi, na baba yako pia alikuwa kwangu kwa sababu hakuwa na kwake. Milcah akamwambia mamake kwamba mimi niko zamu ya usiku. Nikatoka. Mvua ikashuka, na askari walikuwa wanakamata wazururaji. Nikarudi taa ilipozimwa, nikalala sakafuni mlangoni, kati yangu na kitanda chake pazia la leso mbili. Kabla ya mapambazuko nikatoka, nikarudi jua likiwa juu nikipiga hodi kama mtu aliyetoka kazini. Hakujua. Mpaka leo hajui.

Baba yako alikuwa macho. Badala ya kufunga mdomo akaandika kitabu.

Sura ya tisa iondoke. Sio kupunguza. Kuondoka.

Ni mimi,
Baba yako mkubwa, Shem Were


Spring Valley,
11 Machi 2024

Kwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Natumai magoti yamepata nafuu. Huku sisi tu wazima, tunaanza kazi asubuhi kabla ndege wa mtaa huu hawajaamka, maana kipaza sauti kinanasa hata ndege.

Barua nimeipata. Shamsudin alinipa akicheka, akasema ulisimama kwenye kaunta yake ukiisahihisha na kuvunja penseli mbili. Nimeisoma mara mbili nikitafuta neno moja la kumkumbuka baba. Nilichopata ni kwamba ulimbeba mgongoni.

Kitabu hiki kimekuwa madukani tangu sijazaliwa. Wanafunzi wamekisoma, walimu wamekisoma, na sura ya tisa ndiyo wanayoikumbuka. Watu huja kwa Shamsudin hawajui jina la kitabu, wanaomba "kile cha mkwe nyuma ya pazia." Miaka yote hiyo hukufa kwa aibu. Leo kimepata sauti, ndio umeona aibu?

Nitakuambia kwa nini nakisoma. Nabiha, mwenye studio hii, aliniuliza ni nani atakayesikiliza. Nikamwambia ni wale walioandikwa ndani yake. Muuza omena. Mutiso. Wanaume wanaongoja vibarua kando ya Waiyaki Way tangu alfajiri. Baba aliandika maisha yao na wengi wao hawakuweza kuyasoma. Alikuwa akisema hilo kitandani, mwaka ule wa mwisho, kifua kikimkata. Wewe hukulisikia kwa sababu hukuja. Ulimnunia ndugu yako miaka thelathini kwa sababu ya kurasa tano. Siku ya mazishi ulikaa barabarani juu ya jiwe, na udongo hukutupa. Mimi nilikuona. Nilikuwa nimeshika msalaba.

Kwa hivyo usinifundishe heshima ya ukoo, Baba Mkubwa.

Sauti niliyokupa ni ile baba aliyokuwa akiitumia akituhadithia. Alikuiga vizuri sana. Tulikuwa tunacheka mpaka tunalia, na yeye pia, ila yeye alikuwa halii kwa kucheka.

Sura inabaki.

Mtoto wa ndugu yako,
Ivyne


Kangemi,
15 Machi 2024

Ivyne,

Salamu zako nimepokea na nimeziweka pembeni. Magoti usiyaulizie, hayajakukosea.

Juu ya mazishi sikujibu. Nilikaa pale nilipotaka. Lile jiwe pia ni la shamba la baba yetu.

Sasa sikiza, maana naona masomo mengi yamekuziba masikio. Unauliza kwa nini kitabu hakikuniua. Kitabu kililala. Karatasi inanyamaza mpaka mtu aifungue, na mtu akiifungua ana macho na ana haya. Kule Yala, kwa kina Milcah, kila mtu anajua baba yako aliandika kitabu. Shemeji yangu Omollo anacho ndani ya sanduku. Mama mkwe hasomi, macho yenyewe yameisha. Amewahi kumwambia Omollo, nisomee kitabu cha Maxwell. Omollo akafungua, akafika huko, akasema miwani imepotea. Mwalimu wa kanisa akaja, akafungua, akakumbuka ana mkutano. Hakuna mtu mwenye mdomo anayeweza kukaa mbele ya mama wa watu na kumwambia, mkwe wako alilala hapa, miguu yake ilikuwa pale. Ulimi unakataa. Ndio maana nimekaa salama miaka yote.

Lakini simu haina haya. Unaibonyeza, inasema. Haiangalii nani yuko nyumbani.

Ndio, yuko hai. Ulidhani amekufa? Amewazika watoto wake wengi, Milcah akiwa mmoja, na bado anachambua maharagwe kwa vidole. Kila nikienda Yala nakaa nje ya ua, naletewa chakula huko huko, anauliza kwa kinywa cha Omollo, "Mkwe wangu ameamkaje?" Nami najibu kwa kinywa cha Omollo. Kwa wakwe wake wote mimi ndiye anayenitaja kwa wengine. Anasema, "Shem hajawahi kunivunjia heshima hata siku moja." Hilo neno ndilo mali yangu peke yake katika dunia hii ambayo hakuna mwenye nyumba aliyeweza kuitoa nje na kuitupa kwenye matope. Na wewe unataka kuivunja kwa sababu watu wanapenda kucheka.

Umesema kipaza sauti chenu kinanasa hata ndege. Asante kwa kuniambia. Kesho nakuja Spring Valley. Naijua njia, niliipondea kokoto.

Baba yako mkubwa, na ukitaka usitake,
Shem Were


Spring Valley,
2 Aprili 2024

Mzee Were,

Natumai u mzima. Najua u mzima, nimekusikia.

Siku zote hizo umekaa kwenye lango na jiwe mkononi, unagonga chuma. Askari wa lango akikufukuza unavuka barabara unaanza kuimba nyimbo za kanisa. Tumesimamisha kazi, tumeanza tena, tumesimamisha. Tuliposema turekodi usiku, ukaazima tarumbeta. Katika rekodi ya sura ya nne, pale baba anapomzika mtoto wa jirani, unasikika vizuri kabisa ukimwambia askari kwamba ukuta wake umepinda.

Jana Nabiha alitoka kukuletea chai. Mlikaa kwenye ukingo wa mtaro muda mrefu. Sijui ulimwambia nini. Aliporudi alivua viatu, akasema, "Ivyne, kwetu Mombasa pia mkwe ni mkwe. Mimi siwezi kutoa sauti ya kumvua nguo bibi kizee." Nikamwambia kitabu ni cha baba yangu. Akasema, "Na bibi kizee ni wa nani?"

Tumeitoa. Kutoka sura ya nane tunaruka hadi ya kumi. Nilikuwa nimeisoma kwa siku moja bila kukosea, na wakati wa kusoma nilikuwa namsikia baba kabisa, kana kwamba ameniegemea begani. Nabiha ameifuta mbele yangu.

Umeshinda. Baba nimemzika mara ya pili, na safari hii pia hukutupa udongo, ulileta tarumbeta.

Kitabu kitatoka wiki ijayo bila moyo wake. Usiniandikie tena.

Ivyne


Kangemi,
10 Aprili 2024

Mwanangu Ivyne,

Salamu nyingi sana kutoka hapa Kangemi. Mimi ni mzima, hata magoti leo yamenyamaza. Natumai na wewe hasira imepoa, maana hasira ya msichana ni kama chai ya kibanda, haikai.

Umesema nisiandike, lakini mtu akishinda lazima aseme, ama ushindi unaoza tumboni. Nimekisikia kitabu chote kwa Mutiso. Siku mbili hakushona kiatu cha mtu. Kweli unasoma vizuri, nisikufiche. Pale pa njaa ya mwaka sabini na tatu, Mutiso alijifanya anatafuta msumari chini ya meza, na hakuwa anatafuta msumari. Na sura ya saba, pale mimi nawapiga wale wezi wawili, ile sauti ya kiazi cha moto haikuwa mbaya sana. Walikuwa watatu lakini. Baba yako alinipunguzia.

Sasa kitabu kimekuwa safi kama kikombe cha padre. Nimempigia Omollo nikamwambia aweke kwenye simu yake amchezee mama mkwe mwanzo hadi mwisho, asikie mkwe wake ni mtu wa namna gani. Nimemwambia aite na majirani. Nilitaka ujue kwamba kazi yako inafika mpaka Yala, na ni mimi niliyeifikisha.

Shamsudin anakusalimu. Amekasirika kama wewe, lakini yeye ni mfanyabiashara, itaisha.

Baba yako mkubwa, mshindi,
Shem Were


Kangemi,
28 Aprili 2024

Kwako Ivyne,

Hujambo. Hukujibu. Shamsudin anasema ulipokea barua ukaiweka mkobani bila kufungua. Hii uifungue. Mimi mzima wa mwili.

Omollo alimchezea. Waliketi nje, majirani wakaja, mama akawekewa kiti. Simu ikaanza kusema. Ni wewe, unasema, *Tulilala Sita*, kilichoandikwa na Maxwell Were, kinasomwa na binti yake. Mama akainua mkono. Akamwambia Omollo, zima.

Akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole, wote wanamwangalia. "Chumba kile nilikilala," anasema. "Milcah, mmoja. Mtoto mchanga, wawili. Yule mtoto mkubwa, watatu. Maxwell, wanne. Mimi, watano. Shem alikuwa kazini." Kidole cha sita akakishika, hakukiachilia. "Omollo. Wa sita alikuwa nani?"

Ivyne, niligonga lango lenu mpaka jiwe likapasuka, kumbe aibu ilikuwa imeandikwa juu ya jalada. Miaka yote naliona lile jalada na sikuwahi kuhesabu.

Omollo akasema ni jina tu, waandishi hupenda kuzidisha. Mama akasema, "Maxwell hakuwa mtu wa kuzidisha." Hakutaka kusikia kingine. Kitabu chote hajakisikia, amekwama mlangoni. Majirani wakaondoka kimya, na kimya cha Yala unakijua, kinatembea kuliko pikipiki.

Kama ingeishia hapo ningevumilia. Lakini juzi amemwambia Omollo neno. Amesema, "Kama Shem alikuwa kazini, basi msichana wangu alimlaza mwanaume mwingine mule ndani na mimi nikiwemo, na Maxwell alimfichia." Sasa hataki picha ya Milcah ukutani. Ameagiza itolewe.

Milcah alikuwa akiuza mboga hapa Kangemi na mtoto mgongoni. Alinidanganyia kwa mamake kwa ajili ya heshima yangu, mara moja tu katika maisha yake, na sasa uongo huo unamla akiwa kaburini. Hilo halitakuwa. Mimi nivuliwe nguo, Milcah hapana.

Mimi siwezi kumwambia, mdomo wa mkwe hauna njia ya kufika kwake. Omollo ni mtoto wake, haya inamzuia. Lakini wewe ni binti wa ndugu yangu, kwa hivyo ni binti yangu, kwa hivyo yeye ni nyanya yako. Mjukuu na nyanya yake hakuna kitu kinachowafunga ulimi. Mnaweza kutaniana hata juu ya vyoo. Katika watu wote walio hai, mdomo wenye ruhusa ni wako.

Chukua kitabu cha karatasi. Nenda Yala. Msomee sura ya tisa.

Sikuombi. Nakutuma, kama mzazi anavyotuma.

Baba yako mkubwa,
Shem


Spring Valley,
3 Mei 2024

Baba Mkubwa,

Natumai u mzima. Mimi sijui kama mimi ni mzima, nimecheka peke yangu studio nzima mpaka Nabiha akaja kuuliza kuna nini.

Mwezi wa tatu nilikuambia sura hiyo inabaki. Mwezi wa nne ukaiua kwa jiwe na tarumbeta. Mwezi huo huo haujaisha ukanituma niifufue, na hata "tafadhali" huna. Nimeigeuza barua hiyo nyuma na mbele nikiitafuta.

Nitakwenda. Sio kwa ajili yako. Bi. Milcah alinisuka nywele siku ile ya mazishi ya baba, wewe ukiwa juu ya jiwe lako. Alinisuka tu, na nilipomaliza kulia alikuwa ameshamaliza.

Masharti yangu ni haya. Na wewe utakuja Yala. Utakaa nje ya ua, pahali pako, lakini karibu, pa kusikia. Nitasoma yote, pamoja na kukoroma, na sauti yako itakuwa ile ile. Hutakohoa, hutaimba, hutasahihisha. Nikimaliza nitapanda gari la Kisumu jioni hiyo hiyo na wewe sitakusalimia, kwa sababu sijui nikikusalimia nitasema nini.

Jumamosi ya tarehe kumi na moja.

Ivyne, binti Maxwell


Kangemi,
20 Mei 2024

Mwanangu Ivyne,

Salamu. Natumai ulifika salama. Mimi nimerudi juzi, mzima, magoti yamevimba kwa kukaa kwenye nyasi, lakini hayo ni ya kwangu.

Uliondoka bila kunisalimia kama ulivyoahidi. Ulipita karibu sana, vumbi la viatu vyako lilinifikia. Sikukuita. Lakini uliondoka mapema, na kuna kitu hukukiona, kwa hivyo nakuandikia ukijue.

Kwanza, ulisoma. Mimi nilikuwa nyuma ya ua wa vichaka vya lantana, nimekaa chini, na nikajiona nimerudi palepale, mimi huku, yeye kule, kati yetu majani badala ya leso. Nilishikilia kikohozi kama nilivyokishikilia mwaka ule. Ulipofika pale baba yako anaandika kwamba aliniona gizani nimelala na viatu mkononi ili nisivitafute asubuhi, nilisahau kwamba alikuwa ananiangalia. Nilidhani aliandika ili watu wacheke. Sikuwahi kusoma mpaka mwisho wa sura, nikuambie ukweli, nilikuwa naishia kwenye aibu. Sikujua kwamba inaisha na yeye kunifunika koti lake.

Na pale pa kukoroma ukakoroma. Majirani wakacheka, wewe ukamaliza, ukambusu nyanya yako, ukaenda.

Hapo ndipo alipozungumza. Omollo alikuwa anainuka kuja kwangu kubeba maneno, kama siku zote. Mama akamwambia, "Kaa chini." Akageuza uso upande wa ua, macho hayaoni lakini uso ukanifikia sawasawa. Akasema, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake:

"Shem."

Ivyne, tangu nioe sikuwahi kusikia jina langu kwa sauti hiyo.

"Huyo mtoto anasoma vizuri," anasema, "lakini Maxwell aliandika uongo. Mimi sikoromi. Muulize Omollo, muulize yeyote niliyelala naye. Nilisikia mlango. Nilisikia mtu akidondosha maji ya mvua kutoka kwenye nguo, akishikilia pumzi kama mwizi. Nikadhani ni mwizi. Kisha ukameza mate, na mwizi hamezi mate namna hiyo, anayemeza hivyo ni mkwe. Nikajiambia, huyu mtoto wa watu atashikilia pumzi mpaka asubuhi na atakufa kwenye sakafu ya nyumba yake mwenyewe kwa sababu yangu. Basi nikaanza kukoroma. Nilikoroma ili upumue. Nilikoroma mpaka koo likanichubuka, na kila nikinyamaza kidogo nakusikia umekauka tena, naanza upya."

Hakuna aliyecheka. Hata kuku, nafikiri.

Omollo akamuuliza, mama, kama ulijua, kwa nini siku ile ulihesabu watano? Akasema, "Ningemhesabuje mbele ya majirani, mtu niliyemficha miaka yote? Nilingoja kuona kama yeye atakubali kuhesabiwa." Na picha ya Milcah? "Nilijua hiyo itamleta," akasema. Omollo akaangalia chini. Picha yenyewe imerudi ukutani, mama akaipangusa kwa leso kabla Omollo hajaitundika.

Niliposikia hivyo nilikasirika, nisikufiche. Nilimwambia, kupitia kwa Omollo, kwamba amenitesa. Akajibu bila Omollo, "Kondoo wangu yuko wapi?"

Ni haki yake. Mkwe akivunja mwiko wa paa, analeta kondoo, anachinjwa mlangoni, mambo yanapoa. Amengoja tangu sabini na moja. Jumatatu nikaenda soko la Yala, nikachagua kondoo mnene, sio wale wa mifupa wanaopelekwa na wakwe wengine wa nyumba ile. Omollo akashika kamba. Kondoo alipochinjwa nikavuka ua. Nikapewa kiti. Tukala sahani moja, yeye ananisogezea ini kwa vidole, hakosei.

Aliniuliza juu yako. Nikamwambia wewe ni mkaidi. Akasema hilo amelisikia kwenye sauti, na kwamba ile sauti ya kiazi cha moto ndiyo sauti yangu hasa. Kwa hivyo iache.

Sasa rudisha sura ya tisa kwenye mashine. Nabiha akisema hawezi, mwambie bibi kizee ameruhusu na ametoa masharti: uendelee kukoroma, ila mwishoni uongeze kwa sauti yako kwamba alikoroma makusudi. Mkirekodi nitakuja kukaa langoni. Sitagonga. Nitafukuza ndege.

Kabla ya kurudi Nairobi nilipitia nyumbani. Nilikwenda kwa baba yako. Nyasi ni ndefu, nikazing'oa. Kisha nikatupa udongo, mkono mmoja, umechelewa lakini ni udongo. Usinijibu juu ya hilo.

Kama unadhani nimetunga haya yote ili nionekane mkubwa, kama ilivyo kawaida yangu, muulize Omollo aliyeshika kamba ya kondoo. Muulize Mutiso, ambaye nimemwonyesha ngozi. Au nenda mwenyewe ukamuulize yeye, nyanya yako, maana tangu Jumatatu ile nimeruhusiwa kumtaja, na hapa namtaja kwa mara ya kwanza: anaitwa Turfosa. Turfosa, mama yake Milcah.

Baba yako,
Shem